Mume wangu amezikwa, sauti yake bado inampa mama dawa

Bi Verediana, shikamoo. Kalamu hii nimeishika na kuiweka chini mara nyingi, maana shida yangu ukiisikia juu juu utasema huyu mama amekosa kazi, anatafuta ushauri wa waya, lakini nakuomba unisome mpaka mwisho, mama yangu, kwa sababu nikikosea hapa nitakuwa nimemzika mume wangu mara ya pili au nitakuwa nimemuua mama yake, na katikati ya hayo mawili sioni pa kupita.

Naishi Buzebazeba, hapa Kigoma, nyumbani kwa mama mkwe wangu, na mume wangu Gasper alikuwa karani wa mizigo bandarini, lakini kazi ilikuwa ya kula tu, moyo wake ulikuwa kwenye meza moja nyuma ya mlango ambako alitengeneza vitu vya umeme kwa kujifurahisha, mara taa inayojiwasha giza likiingia, mara kengele ya banda la kuku. Kwa asiyejua, vitu hivi huanzia kwenye bredibodi, yaani ubao wa plastiki wenye vitundu ambao unachomeka waya na vifaa kwa vidole, ukikosea unachomoa na kujaribu tena, na kitu kikishakubali ndipo unakihamishia kwenye bodi ya kudumu na kukichomea kwa risasi, ile ya kuyeyusha kwa moto, kisichomoke tena. Kazi tulikuwa tumegawana, yeye alipanga na mimi nilichomea, kwa sababu mkono wake haukutulia na wangu ulitulia, na majirani walipocheka kwamba nyumba ile fundi ni mke, Gasper aliwajibu, "Mimi naposa tu, mwenye kufunga ndoa ni yeye." Vifaa hivyo kwetu havipatikani, tunaagiza Dar vinakuja na basi, kwa hiyo hatukuwahi kuwa na vya akiba, tulichomoa kile kile kilichokuwa kwenye bredibodi na kukihamisha, na bredibodi ikibaki tupu ndipo tulijua kazi imekwisha.

Sasa mama ana presha na alikuwa anasahau dawa, leo anameza kesho hamezi, ndipo Gasper akamtengenezea kisanduku cha kuwekea vidonge ambacho ukifungua kifuniko kinasema. Alirekodi sauti yake mwenyewe kwenye chipu ndogo inayobeba sekunde kumi tu, inamwamkia kwa Kiha na kumwagiza, "Mwakeye mama, shikamoo. Kunywa uji kwanza, halafu meza kidonge kimoja. Haya, tuonane jioni." Halafu mwisho kabisa ninasikika mimi nikiita kutoka uani, "Baba Bariki, maji ya kuoga yanapoa!" na hapo hapo inakatika, maana sekunde zimeisha. Mimi nilimwambia arudie, sitaki kusikika nikipiga kelele kila asubuhi, akacheka akasema atarudia siku tutakayoihamishia kwenye bodi, kwanza aone kama mama ataizoea. Mama aliizoea. Siku moja Gasper alipanda pikipiki ya abiria kutoka Mwanga, hapa hapa mjini, kurudi nyumbani, fuso ikawagonga yeye na dereva, na kisanduku kikabaki kwenye bredibodi kama alivyokiacha.

Nakwambia Bi Verediana, asubuhi baada ya mazishi, nyumba bado imejaa waombolezaji, wengine wamelala chini sebuleni, mama aliingia jikoni akafungua kifuniko, na Gasper akamwamkia. Watu waliamka wakapiga mayowe. Mama akajibu, "Marahaba baba," akameza dawa, akafunga, akatoka nje kukaa na wenzake kama vile hakuna kilichotokea, na tangu siku hiyo hajawahi kuacha kumjibu.

Siku ya kuondoa matanga shemeji yangu Nikodemu, mdogo wake marehemu, alisema mbele ya ndugu wote, "Shemeji, hicho kitu kizimwe. Marehemu aachwe apumzike, hatuwezi kuwa na mtu kaburini na huku anaongea jikoni." Mama hata hakunyanyua kichwa, alisema, "Kaburini nimemwacha, jikoni ninaye. Atakayekizima anizime na mimi." Mimi sikuwaambia jambo ambalo nililijua peke yangu, kwamba kisanduku kile kitajizima chenyewe.

Waya za bredibodi hazishiki daima. Kila kifuniko kikifunguliwa na kufungwa zinalegea kidogo, na sasa sauti inakwaruza, siku nyingine inaanzia katikati, "...kwanza, halafu meza," na baya zaidi ni ule waya wa manjano wa kurekodi, umekaa jirani kabisa na njia ya chanya, ukichomoka ukagusa pale, chipu itadhani imeamriwa kurekodi, itafuta sauti ya Gasper na badala yake itashika kelele za masufuria. Nilimweleza mama kwamba inabidi niihamishe, niichomee. Akaniuliza, "Unachomea kwa kitu gani?" Nikamwambia kwa moto, mama, kwa risasi iliyoyeyushwa. Akakiweka kisanduku mapajani akakifunika na kanga yake, akasema, "Mama Bariki, mwanangu hutamgusa kwa moto."

Hapo nikaamua nitafanya kwa siri Jumapili akiwa kanisani. Nimeshaandaa kila kitu, bodi iko mezani, risasi iko mezani. Lakini kabla ya Jumapili hiyo mama alianguka uani akianua nguo, tukamkimbiza zahanati, wakasema presha imeshuka mno, na muuguzi akamuuliza, "Bibi, unameza vidonge vingapi kwa siku?" Mama akamjibu, "Nameza ninapoambiwa." Hapo ndipo nikaelewa. Dawa za mwezi zilikuwa zimeisha na mwezi haujafika katikati, na mimi nilikuwa nadhani amezimwaga kwa kutoona vizuri. Bi Verediana, mama yule akimkumbuka mwanawe anafungua kifuniko, na mwanawe anamwambia meza, naye anameza. Akimkumbuka tena mchana anafungua tena. Nilipomuuliza nyumbani aliniangalia kama mtoto, akasema, "Gasper hajawahi kuniomba kitu nikamnyima. Leo aniambie meza, nimjibu sitaki?"

Nilivitoa vidonge vyote nikawa namwekea kimoja tu asubuhi. Mchana akafungua, sauti ikamwambia meza, akapapasa ndani hakuna kitu. Alilia vile ambavyo hakulia hata msibani, anasema tumemfanya mwanawe aonekane mwongo, anaagiza kitu ambacho hakipo. Moyo ukanishinda nikarudisha vichache. Siku hiyo akameza viwili.

Na mimi pia si malaika. Mama akienda kusali jumuiya huwa ninakifungua mwenyewe, nakifungua na kukifunga, na simsikilizi hata Gasper, nasubiri pale mwisho ninaposikika namwita naye yupo, nangoja kama nitamsikia akiitika, na kila siku inakatika kabla hajaitika. Najua kabisa kwamba ninalegeza waya na bado nafungua. Halafu kuna asubuhi nyingine nikisimama mlangoni nikisikiliza inavyokwaruza, natamani waya uchomoke wenyewe, sauti ipotee, asiwepo wa kuniuliza kwa nini, nami nipumzike. Nimewaza hivyo kuhusu mume wangu niliyempenda. Na mkono wangu ambao ulikuwa umetulia, tangu msiba ukishika kifaa cha kuchomea unatetemeka kuliko wa kwake.

Sasa nifanyeje? Nikichomea, sauti itadumu, itamwambia mama ameze mpaka siku atakayokufa kwa kumeza. Nikiacha, itafutika, na mama alishasema ikizimwa na yeye azimwe, na ninavyomjua hatagusa dawa tena. Au nimsikilize Nikodemu? Naomba unijibu haraka, mama yangu, usingizi umenihama.

Ni mimi Mama Bariki, Buzebazeba.

VEREDIANA ANAJIBU

Mama Bariki, marahaba, na pole. Nitakugombeza hapa chini, lakini usidhani nimesahau kwamba umefiwa na mtu ambaye mlikuwa mnacheka naye. Wengi wanaoniandikia hapa wanalalamikia waume walio hai. Wewe unamlilia aliyekufa, na barua yako ilinifanya niiweke kando nikanywe maji kwanza.

Ukifika kwenye mstari huu, weka gazeti chini. Nenda jikoni ukatoe vidonge vyote kwenye hicho kisanduku, vyote, ukavifungie mahali ambapo ufunguo unao wewe. Halafu rudi uendelee kusoma. Ulivitoa mara ya kwanza, mama akalia, ukavirudisha, na hapo umenikera kweli kweli. Chozi la mama litakauka. Presha ikishaporomoka hairudishwi na huruma yako. Keshokutwa isifike kabla hujamrudisha zahanati, umweleze muuguzi ukweli wote bila kuona aibu, kwamba alikuwa anameza kila anapoambiwa na nani anayemwambia. Wao ndio watakaosema sasa ameze nini na lini. Mpaka waseme, ni kile kimoja cha asubuhi tu. Usimwachishe dawa kwa akili yako, na usimpe kwa akili yake.

Shemeji yako Nikodemu mjibu kwa adabu kwamba marehemu hasumbuliwi na betri. Picha ya Gasper si mmeitundika sebuleni? Mbona hajasema ishushwe ili apumzike? Ila katika ukali wake kuna neno amelipapasa bila kulishika. Siku Gasper anarekodi yale maneno, alikuwa anamwona mama yake. Alijua amekunywa uji au hajanywa, ameshameza au bado. Leo hamwoni. Anasema meza kwa mtu ambaye ameshameza, naye hana habari. Mwana yule angekuwa hai angekirukia kile kidonge cha pili akakitoa mdomoni kwa vidole vyake. Hilo ndilo la kumwambia mama, na umwambie mkiwa mmekaa, umemshika mkono. Mkumbushe pia kwamba mwanawe alisema kimoja. Yeye anatii neno la meza, neno la kimoja analipita. Kama ni utii, basi atii maagizo yote.

Kuhusu waya, mimi umeme wangu unaishia kwenye kuchomeka chaja ya simu. Kwa hiyo nilimsomea mpwa wangu Gervasi barua yako, bila jina lako. Anatengeneza redio, na alisikiliza huku ameinamisha kichwa, halafu akaniambia mambo ambayo nakuandikia kama alivyoyasema.

Kwanza kabisa, kabla hujagusa waya wowote, fungua kile kifuniko mara moja, simu ikiwa jirani inarekodi. Sauti ikishaingia kwenye simu, itume na kwenye simu ya pili, ya Nikodemu ikiwezekana, naye awe mlinzi badala ya kuwa mpinzani. Baada ya hapo chomoa betri. Gervasi anasema chipu ya namna hiyo haisahau hata umeme ukiondoka, itakaa na sauti yake miaka, na bila betri ule waya wako wa manjano unaweza kugusa popote unapotaka, hauna la kufanya. Mama akiuliza sauti iko wapi, mfungulie ile salamu kwenye simu, uizime kabla ya neno la uji.

Halafu vunja desturi yenu. Ninyi mmezoea kumaliza kwa kuichomoa bodi ya zamani ili mpate mpya, na nakuelewa, vifaa vinatoka mbali. Safari hii usichomoe hata kimoja. Agiza chipu nyingine na kila kitu kipya, ungoje basi lifike. Ile bredibodi ibaki kama Gasper alivyoiacha, ifungwe vizuri kwenye kitambaa kikavu, iwekwe kabatini. Hakuna moto utakaoigusa, na ukimwambia mama hivyo utakuwa unamwambia kweli tupu.

Kwenye chipu mpya, kutoka kwenye simu, utahamisha maneno haya peke yake: "Mwakeye mama, shikamoo." Ukifika hapo ukate. Uji usiwemo, kidonge kisiwemo. Kwenye bodi yako ya kudumu chomea soketi tupu kwanza, ipoe, ndipo uichomeke chipu juu yake, risasi ya moto isiifikie. Na salamu ikishaingia, ile njia ya kurekodi usiiwekee kitufe. Gervasi anasema uichomee moja kwa moja kwenye hasi, chipu hiyo isisikie kitu kingine tena maisha yake yote, iwe ya kusema tu. Nadhani wewe utakuwa umeelewa kuliko mimi ninayeandika.

Hicho kisanduku kipya mpe mama. Aweke rozari yake, aweke ugoro kama anavuta, aweke chochote isipokuwa dawa. Afungue asubuhi, afungue mchana, afungue hata mara mia akipenda, na kila akiamkiwa aitikie. Hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kusema marahaba.

Ila usithubutu kulifanya hili Jumapili kwa kuvizia. Mama yule amezika mwana, halafu wewe unataka arudi kutoka kanisani akute meza inafuka moshi? Umketishe hapo hapo mezani. Akiona cha zamani kiko kabatini na kipya kinatengenezwa mbele ya macho yake, atakuwa na la kukusimanga, maana wakwe hawakosi, lakini hatakuwa na la kukushtaki.

Sasa nizungumze na wewe mwenyewe. Umeniungamia kwamba ulitamani waya uchomoke. Umeandika kama mtu aliyeua. Mama Bariki, huko kulikuwa kuchoka. Kila asubuhi unasimama mlangoni kusikiliza kama mumeo atakufa tena, nani asingetamani yaishe? Nimekusamehe kwa niaba yangu, na Gasper nadhani hakuona hata sababu ya kusamehe. Kosa lako ni jingine, kwamba ulitaka waya ukuamulie jambo ambalo ni lako kuamua.

Na hiyo sehemu ya mwisho unayoifungulia kisanduku kwa siri, kwamba unamwita haitiki. Iliyoishiwa nafasi ni chipu. Siku ile alikuja kuoga, au maji yalimwagwa? Wewe unajua, ulikuwepo. Aliitika, alikuja, akakucheka kwa kelele zako, kicheko hicho umeniandikia mwenyewe. Sehemu hiyo itakuwa kwenye simu yako, ni yako peke yako, mama mkwe hana haja nayo. Isikilize siku ukizidiwa. Kuisikiliza kila siku ukingoja mwisho ubadilike ni kujichoma.

Mkono unaotetemeka usiulazimishe. Vifaa vitachukua muda njiani, na huo muda utumie kulia, maana katika barua nzima umenieleza alivyolia mama na mayowe ya waombolezaji, wewe hukusema popote kwamba umelia. Ukilia, lia kwa sauti. Bodi itachomewa siku mkono utakapotulia, hata kama ni baada ya masika.

Nimemaliza habari za waya, nimebakiza moja. Barua yako nimeirudia mara ya pili nikitafuta kitu ambacho sikukiona. Umeandika Gasper anavyomwamkia mama, na mama anavyomwitikia. Hakuna mahali ulipoandika kwamba wewe unamwamkia. Naona tangu msiba kazi hiyo umemwachia marehemu, nawe unabaki mlangoni unakagua sauti kama inakwaruza. Nyumba yenu ina wajane wawili wa mtu mmoja, mmoja amepoteza mume na mwingine mwana, na asubuhi hamsemeshani.

Kesho usingoje kifuniko kifunguliwe. Beba uji wake mkono mmoja na kidonge kimoja mkono mwingine, piga goti mbele yake, umwambie, "Mwakeye mama, shikamoo." Anaweza asikuitikie siku ya kwanza, wala ya pili, kwa sababu hiyo si sauti aliyoizoea. Mpe kidonge hivyo hivyo, kaa hapo mpaka ameze, na asubuhi inayofuata mwamkie tena.